Kipengele cha Tano ni Kuoga

"Kamati Ndogo ya Muda ya Uteuzi wa Waendesha Baiskeli Wawili (2) wa Kushiriki Ziara ya Matukio ya Kukumbukwa ya Utamaduni na Baiskeli Nchini Japani. Fomu Na. 4B. Ijazwe kwa herufi kubwa." Hivyo ndivyo karatasi ilivyojitambulisha asubuhi ile kwenye benchi la Dorca muuza kahawa, kando ya soko la Kibuye, na ilitakiwa irudi ofisini kabla ya saa sita. Ilikuwa ya Waswa, ambaye amebeba abiria kwa baiskeli kutoka hapa hadi Obunga kwa miaka ishirini na sita, na ambaye pikipiki zilipokuja aliendelea kukanyaga kana kwamba hajaarifiwa rasmi. Mteule wa pili alikuwa Calvince, aliyemwoa Nangila, binti ya Waswa. Calvince alikuwa ng'ambo ya barabara, amesimama na baiskeli yake. Mkwe haketi benchi moja na baba mkwe. Tangu harusi, miaka minne sasa, amekunywa kahawa yake akiwa upande ule, na Dorca ndiye humvushia kikombe. Benchini tulikuwa na Gazeti, ambaye jina lake ni Muchiri na huuza spea za baiskeli. Kanuni, yaani Mzee Waliaula, karani mstaafu. Na mimi, ambaye nilitarajiwa mahali pengine.

Kanuni alisoma fomu kwa sauti ya ofisini.

KANUNI: Kipengele cha kwanza, kunywa chai kwa heshima. Unapiga magoti, unazungusha bakuli mara mbili, ndio unakunywa.

DORCA: Chai ngapi?

KANUNI: Moja. Inaweza kuchukua saa nzima.

DORCA: Mimi ningefunga biashara.

KANUNI: Cha pili, kulala chini kwenye mkeka.

WASWA: Hiyo najua.

KANUNI: Cha tatu, kuamka saa kumi na moja alfajiri kusikiliza sala hekaluni. Cha nne, kuendesha baiskeli kilomita sabini, kisiwa hadi kisiwa, kwa madaraja yaliyo juu ya bahari.

WASWA: Hapo soma tena.

Akasoma tena.

GAZETI: Na mzigo?

KANUNI: Hakuna mzigo. Hakuna abiria.

WASWA: Miaka ishirini na sita sijaendesha hii kitu bila mtu nyuma. Hata Jumapili nabeba mama Nangila kanisani. Nataka tu nione inakuwaje.

KANUNI: Cha tano...

Akavua miwani, akaifuta, akarudi kwenye karatasi kama mtu anayetumaini kwamba kamati imekutana tena muda huo na kukifuta.

KANUNI: Cha tano, kuoga pamoja katika bwawa la maji ya moto. Washiriki huingia bila nguo yoyote. Taulo ndogo huwekwa kichwani.

Sote tukatazama ng'ambo. Calvince akatazama gurudumu lake.

DORCA: Wewe na mkwe wako.

WASWA: Ndio maana sijalala siku tatu.

GAZETI: Si uweke hapana kwa hiyo moja.

KANUNI: Hapa chini, kwa herufi ndogo: anayekataa kipengele kimoja amejiondoa kwa vyote. Nafasi inaenda kwa mjumbe wa akiba.

GAZETI: Nani huyo?

KANUNI: Binamu ya mwenyekiti.

GAZETI: Huyo hata baiskeli hana.

KANUNI: Fomu haijauliza.

Dorca akajaza vikombe. Chupa ilikuwa imeanza kuwa nyepesi.

GAZETI: Waswa, sikia. Hayo maji yanatoka chini ya mlima wa moto. Mvuke ni mzito, huoni hata mkono wako. Utakaa na yeye humo mkiulizana nani yuko wapi.

WASWA: Na nikitoka?

GAZETI: Unatoka kinyumenyume.

DORCA: Sasa hiyo ndiyo mbaya zaidi.

KANUNI: Tuende kisheria. Mila ni kama leseni, ina eneo lake. Calvince ni mkwe wako hapa. Ukivuka mpaka, umkwe unasimamishwa kwa muda.

WASWA: Mpaka gani?

KANUNI: Ndege ikishaingia Ethiopia.

WASWA: Kwa hivyo juu ya Ethiopia naweza kukaa naye kiti kimoja?

KANUNI: Unaweza. Mkirudi, mkifika hapo hapo, mmoja anahama.

DORCA: Na ndege ikijaa?

Kanuni alisema hilo lingehitaji kanuni ndogo.

GAZETI: Basi tuandikie hao Wajapani waweke kitu katikati ya maji. Bati.

DORCA: Bati linashika kutu kwa maji moto. Waingie kwa zamu.

WASWA: Maji ni yale yale, Dorca. Yamenigusa mimi, yamguse yeye. Hapo wazee wa kwetu Bungoma wanaitisha kondoo wa kututakasa.

GAZETI: Aingie na koti la mvua.

KANUNI: Koti ni nguo.

GAZETI: Basi Nangila aachwe wiki mbili, arudiwe wakifika.

WASWA: Muchiri.

GAZETI: Ni wazo tu, mzee. Nimetoa.

Saa tano na nusu akaja Aoko, anayeuza omena Obunga, na beseni lake kichwani. Alitaka kubebwa. Tulimweleza shauri lote, kila mmoja akianzia pake, naye akasikiliza bila kutua beseni.

AOKO: Na Calvince ameandika nini kwa yake?

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Waswa mila ilimzuia kuuliza. Sisi wengine tulizuiwa na kutofikiria. Mtu mwenyewe alikuwa hatua thelathini kutoka hapo.

Aoko akavuka barabara na beseni lake. Wakazungumza kidogo. Akarudi.

AOKO: Hajaandika kitu. Ati anangoja aone yako. Ukikataa, na yeye anakataa. Hawezi kwenda kuona bahari na wewe umebaki hapa ukinibeba mimi na omena.

Waswa akaomba kalamu. Akaandika NDIYO mara tano, kwa herufi kubwa, akampa Dorca fomu amvushie Calvince aione. Kisha akapangusa keria kwa mkono ili Aoko aketi. Gazeti alitaka kikombe kingine lakini kahawa ilikuwa imekwisha.

Walienda wote wawili, siku tisa. Huko hakuna aliyeiulizia Fomu Na. 4B. Siku ya tano waliendesha zile kilomita sabini, na Waswa hakubeba mtu. Jioni wenzao wa kundi waliingia kwenye maji ya moto. Waswa na Calvince walikaa nje wakiwangoja, na nje palikuwa na benchi moja tu.