Bi Asya, Shimo Jeusi na Neno "Ati"

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha fizikia, Bi Asya Silima anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni 2025. Skuli nzima inajifanya imechangamka, lakini chumba cha walimu hakina raha tangu asubuhi.

Bi Asya, mzaliwa wa Kisiwa Panza, alikuja kwetu Gombani mwaka 1992. Wanafunzi wakambandika jina la Bi Ati, na wala hakuchukia. Darasani mwake, jambo ambalo hujaliona wala kulithibitisha ulipaswa kulitangulizia neno "ati". Nyange, ambaye siku hizi ni tabibu Mkoani, aliwahi kumwambia mama yake ati pweza kaiva, maana alikuwa hajamwonja. Siku hiyo alilala na njaa.

"Ati" kubwa kuliko zote ilikuwa ya shimo jeusi. Nyota kubwa ikifa, alitueleza, hujididimia ndani yake yenyewe, ikavuta hata mwanga usitoke. Hesabu zinakubali, na zipo nyota zinazozunguka pahali panapoonekana hapana kitu. Lakini hesabu si jicho. Basi mwaka baada ya mwaka aliandika ubaoni: Ati lipo. Picha ikipatikana, aliahidi, ataifuta "ati" kwa mkono wake mwenyewe.

Macho yake hayakuingoja. Presha ya macho ilianza jicho la kushoto, ikahamia la pili, na kufika mwaka 2018 alikuwa haoni tena. Kazi hakuiacha, yeye akisema, Mwalimu Abdulnasir akimwandikia ubaoni.

Picha ikaja Shaabani ya mwaka uliofuata. Abdulnasir aliifungua kwenye kompyuta ya skuli, sote tukaizunguka. Ruweida wa kidato cha tatu akamweleza: duara la moto, limenenepa upande wa chini, katikati giza totoro. Bi Asya akamhoji kingo zikoje, giza limekoza wapi, na kama kuna alichokiongeza. Kisha akasema hicho ni kivuli tu, shimo lenyewe bado, ila kivuli hakikosi mwenyewe.

Akaomba apelekwe ubaoni. Alipapasa, akafuta pasipo na maandishi, na neno likabaki pale pale juu ya vidole vyake. Ruweida akaushika mkono ule akausogeza. Nililia, na sioni haya kuliandika hapa.

Bi Asya, ulitufunza tusisadiki ya kuambiwa, kisha jambo ulilolingoja umri mzima ukalipokea kwa macho ya mtoto wa watu. Ahsante kwa imani hiyo, tulikuwa hatujaistahiki. Mwenyezi Mungu akupe afya, akujaalie wa kukusomea kila picha mpya itakayokuja, na wala usikose wa kumhoji. Kesho ubao wako utakuwa mtupu, nasi tutaumia.

Tunakupenda, Bi Asya. Hiyo haina "ati".

Mwalimu Zulekha Rajab, kwa niaba ya walimu wenzake