Historia ya Bi Mukti Palma, Aliyekataa Kudunga Kuku

Ndugu waombolezaji, Bwana asifiwe. Familia imeniomba mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya Bi Mukti Palma, nami nitasoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1967 kijijini Rangamatia, wilaya ya Kaliganj, mtoto wa tatu wa mzee Benedikto Palma, akasoma kwa masista hadi darasa la nane, na tarehe 28 Desemba 1986 akafunga ndoa na kaka yangu Subash Kosta, Mungu akawajalia mabinti wawili, Rimi na Sriti.

Mwaka 1999 alianza kufuga kuku wa nyama, akiletewa vifaranga, chakula na dawa na wakala yuleyule anayewaletea wengi wenu, na mwaka 2012 kuku walipoanza kuhara, wakala alimpa antibiotiki ya kuchanganya na maji pamoja na sindano za homoni, kuku wakachangamka, wakanenepa, naye akafurahi, lakini alipompasua mmoja alikuta ini limeoza na nyama imejaa maji, akatambua kwamba ugonjwa umefunikwa, haukutibiwa. Tangu hapo hakudunga tena, akawa anampeleka kuku mgonjwa kwa daktari wa mifugo kwanza, kisha anatoa dawa aliyoandikiwa na si nyingine, akitusihi sote tufanye vivyo hivyo, vijidudu visije vikazizoea dawa, nasi tukamcheka, "Mama Rimi, kuku unawafuga au unawasomesha?" naye akajibu, "Wangu angalau najua wanaumwa nini, wako je?" Miaka yote hiyo alisema, hatukusikia.

Tarehe 2 Februari 2024 alichomwa mguuni na waya wa banda, kidonda kikavimba, akalazwa Gazipur, kisha Dhaka, madaktari wakabadilisha antibiotiki moja baada ya nyingine, na vipimo vikaonyesha kwamba vijidudu vimezizoea karibu zote. Vilizizoelea wapi, daktari hakusema, nasi hatumsingizii mtu, ila inatuuma kwamba aliyehangaika ili vijidudu visizizoee dawa ndiye ambaye dawa zimeshindwa kumwokoa. Alifariki tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi.

Akiwa hospitalini kuku wake nao wakaanza kuhara, na jana wakala alifika hapa msibani na chupa zake za dawa, akamwambia kaka, "Mzee, kulia utalia, lakini kuku hawangoji." Kaka amezikataa, leo asubuhi kuku wawili wamepelekwa kupimwa, na wengine wakifa kabla ya majibu, basi watakufa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, baba paroko, majirani mliotupikia wali na dengu, na wafugaji wenzake mliobeba jeneza. Lakini atakayetoka makaburini akaenda kuchanganya chupa zile, asije akatuambia kwamba alimpenda Mukti.

Mama Rimi, lala kwa Bwana wako, umesema vya kutosha.