Muhuri wa Mama Waya

Tarehe 30 Juni
Kwa Mama Waya, Chumba Namba 6

Leo Mama Waya anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima mioyo ya watu katika hospitali yetu. Jina lake la kwenye mshahara analijua mhasibu. Sisi wengine tumemjua kwa zile nyaya kumi anazombandika mgonjwa kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikachora mapigo ya moyo kwenye karatasi.

Alianza kama mfanya usafi wa ghorofa ya chini. Alikuwa akifagia huku akimuuliza fundi wa mashine maswali, mpaka fundi akachoka: "Dada, weka huo ufagio, njoo ushike nyaya." Akapelekwa kozi, akarudi na cheti, na chumba kikawa chake. Mashine ya zamani ikikwama, aliizaba kofi moja ubavuni ikaendelea. Alipoletewa mpya alisema haina hata adabu ya kukwama.

Waoga aliwajulia. Bibi mmoja aliziona nyaya akashuka kitandani. "Mwanangu, nitapigwa shoti?"

"Hapa hakuna shoti, bibi. Shoti iko kule kwenye foleni ya dawa."

Bibi akacheka, akapanda tena.

Kuna jambo ambalo ningependa kuliruka, lakini mwenyewe ameniomba nisiliruke. Mume wangu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa hapa hapa, yule aliyepiga honi mara mbili kila alipopita dirisha la Chumba Namba 6. Miezi minne baada ya kupona korona, kifua chake kilikuwa bado kinamchoma. Mama Waya alimpima. Mume wangu alilala chali dakika tano, akiuma meno, na karatasi ikatoka haina la kutisha. Akaambiwa ni uchovu na mawazo.

Nyumbani hakuwa akilala kitandani. Alikaa kwenye kiti, akaegemea meza ya chakula, paji la uso juu ya mto, kwa sababu akiinama mbele maumivu yalipungua. Nilimtania kwamba amehamia mezani. Wiki ya tatu alifariki. Tuliambiwa utando unaozunguka moyo ulikuwa umevimba, maji yakajaa ndani yake, yakaubana moyo.

Niliporudi kazini masijala, Mama Waya alikuja akaomba faili la mume wangu. Alilisoma amesimama.

"Mdogo wangu, alikuwa analalaje?"

Nikamweleza habari ya meza na mto. Akalifunga faili taratibu.

"Nilimwona anauma meno. Sikumuuliza."

"Hata mimi sikujua kama ni jambo la kusema."

Mtu akagonga dirisha akitaka kadi yake.

Wiki hiyohiyo alichongesha muhuri wa mpira wenye neno moja, ANALALAJE?, na mstari wa kuandikia jibu. Kila aliyewahi kuugua korona akaja na malalamiko ya kifua, fomu yake iligongwa. Daktari mmoja aliguna, "Huyu anapima moyo au anauza magodoro?" Mama Waya aliendelea kugonga.

Kisha akaja seremala. Karatasi yake haikuonyesha kitu, lakini kwenye mstari aliandika: kwenye kiti, nimekumbatia mto. Mama Waya alimshika mkono, akampeleka kwa daktari yuleyule, na hakubanduka mlangoni mpaka kipimo cha picha kilipofanyika. Maji yalikuwepo. Seremala alitibiwa, akakatazwa kazi nzito kwa miezi mitatu. Alipopona alileta meza fupi ya kuegemea, ameipiga msasa mpaka inateleza. Ipo chumbani hadi leo. Daktari naye alinunua wino wa muhuri.

Mwezi huu fomu za karatasi zinaondoka, kompyuta zinaingia, na kwenye kompyuta hapana pa kugonga muhuri. Tulipomuuliza Mama Waya anataka zawadi gani, kiti cha kupumzikia alikikataa. "Viti nimewaona watu wakivilalia vya kutosha. Nipeni mstari mmoja."

Uongozi ulisema fomu ni ndefu mno tayari. Hakubishana. Aliomba ruhusa yangu, akapeleka faili la mume wangu, na juu yake barua ya mkono inayoeleza alichokiona siku ile na swali ambalo hakuliuliza. Wiki mbili hatukusikia lolote.

Jumanne asubuhi niliwasha kompyuta ya masijala. Chini ya umri, juu ya anwani, kulikuwa na swali jipya: Analalaje? Nilimwita aje aone. Aligusa kioo kwa kidole, kama anayeangalia rangi imekauka.

Asante, dada. Nenda ukapumzike. Ulale chali, usingizi wa pono, na moyo wako uende taratibu. Na siku ukisikia honi mbili barabarani, utukumbuke.