Bakuli Halirudi Tupu: Bi. Telesia Mligo Anaagwa

Bi. Telesia Mligo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na nane ya utumishi katika Kituo chetu cha Utafiti wa Ustawi wa Jamii. Kwa wageni wa kituo, yeye ni Mratibu wa Utafiti wa Vijijini. Kwa sisi tuliofanya naye kazi ni Mama Mligo, mwenye koti zito la kijivu ambalo hulivaa Njombe kwa sababu ya baridi na kulisahau Makambako kila anaposafiri.

Alizaliwa Kichiwa, katika familia ya wakulima wa mahindi na viazi. Alisomea ustawi wa jamii Dar es Salaam, akafanya kazi huko kidogo, kisha akarudi nyumbani akidai kuwa joto la pwani linamchemshia akili. Alipoajiriwa, kituo kilikuwa chumba kimoja mjini Njombe, mkurugenzi wetu Dkt. Xaveri Tweve, na gari moja lililohitaji kusukumwa asubuhi za umande. Abrahamu, dereva wetu tangu enzi hizo, anashuhudia kuwa Mama hakuwahi kubaki ndani ya gari wenzake wakisukuma. Alishuka, akasukuma na kutoa maelekezo, na Abrahamu anasema maelekezo yale yalikuwa mazito kuliko gari lenyewe.

Kila mtafiti mpya alipokea kwake sheria mbili. Ya kwanza ilisema dodoso halitoki mkobani kabla hamjala mlichokaribishwa. Sheria hiyo ilimponza mwenzetu Davis, mtaalamu wa takwimu aliyetujia kutoka Dodoma. Aliambiwa kuwa ulanzi, pombe ya mianzi, ule wa asubuhi ni laini kama maji ya matunda, akaupokea kwa heshima zote na kuumaliza. Hakuambiwa kuwa ule ulikuwa wa juzi. Mahojiano yake siku hiyo yalikuwa mafupi sana, na mwenye nyumba ndiye aliyemfunika blanketi.

Sheria ya pili aliipata kwa mama yake. Kwao Kichiwa, jirani akikuletea chakula, bakuli lake halirudi tupu. Utatia hata viazi viwili. Mama Mligo alisema watu wanaotupa habari za maisha yao wametuletea chakula. Kwa hiyo, kabla ripoti haijaenda kokote, turudi kijijini tukawasomee tulichoandika, nao waseme kama ndivyo walivyo. Wengi wetu tuliona ni kupoteza muda na mafuta. Tulibadili mawazo Ipelele.

Ilikuwa mwaka 2008. Tulikuwa tumemaliza utafiti kuhusu watoto waliofiwa na wazazi katika vijiji vya Makete, na rasimu ilionyesha kuwa Ipelele kulikuwa na nyumba nyingi ambamo watoto waliishi peke yao, bila mtu mzima. Tulipendekeza wahamishiwe makao ya watoto Makambako. Wafadhili walikuwa wamekwisha kukubali, na lililobaki ni saini. Dkt. Tweve alitaka ripoti iende upesi, kabla ya mvua kuharibu barabara. Mama Mligo alijibu kuwa hatatia saini bakuli likiwa tupu, akapanda gari.

Watu wakajaa ofisi ya kijiji. Alisoma kwa Kiswahili, na mwalimu mmoja akafasiri kwa Kikinga. Alipofika kwenye pendekezo, alisimama Bibi Ema Sanga, ambaye alikuwa amemzika mwanawe na mkwewe na kubaki na wajukuu wawili, Brayson na Anneth. Majina yao yalikuwa kati ya watoto tuliotaka kuwahamisha. Hakupaza sauti.

"Nyumba ile ya juu ni ya mwanangu," alisema. "Watoto wanalala kule ili moto wa baba yao usizimike. Lakini wanakula kwangu, wakiugua wanaugua mikononi mwangu. Sasa ninyi mnataka kuwapeleka kwa nani?"

Pale ndipo tulipotambua kosa letu. Dodoso liliuliza nani analala katika nyumba hii, na sisi tukawahesabu waliolala chini ya paa moja kuwa ndiyo familia. Bibi aliyekuwa hatua chache tu bondeni, na chungu cha viazi jikoni, hakuonekana kabisa katika ripoti yetu. Dodoso hilo lilitungwa na Mama Mligo mwenyewe. Naye utotoni, kule Kichiwa, alilala miaka kadhaa katika nyumba ya marehemu baba yake mdogo kwa sababu hiyohiyo, ili isibaki gofu. Shule ilikuwa imemsahaulisha alichokijua nyumbani.

Alivua koti, sijui kwa nini, akaliweka mezani. Akawaambia watu wote kuwa swali lilikuwa lake na lilikuwa baya, akamwomba Bibi Ema radhi. Tuliirudia kazi nyumba kwa nyumba, mvua ikitunyeshea, tukiuliza mtoto anakula wapi na akiugua nani anajua kwanza. Ripoti mpya iliomba msaada uwafikie mabibi. Watoto wakabaki.

Tangu hapo hakuna ripoti ya kituo iliyotoka bila kusomwa kwa wenyewe. Ofisi yetu ya Makambako, aliyoifungua na kuiongoza miaka tisa, hupanga safari ya kurudi kabla ya safari ya kwenda. Bibi Ema alifariki akiwa mtu mzima sana. Anneth sasa ni muuguzi Bulongwa, na Brayson anaishi na mkewe na watoto katika nyumba ile ya juu.

Wasifu huu nao haukusalimika. Wiki iliyopita tulikwenda nyumbani kwake kumsomea, na bila shaka tulikula kwanza. Alicheka habari za Davis. Alikanusha habari za kusahau koti, ingawa lilikuwa Makambako. Tulipofika mahali tulipoandika kuwa aliwaokoa watoto wa Ipelele, akatusimamisha.

"Futeni hapo," alisema. "Mimi nilitaka kuwatoa kwa bibi yao, na bibi yao akanizuia. Andikeni hivyo."

Tumefuta, Mama, na tumeandika hivyo. Asante kwa kutufundisha kurudi. Tunakupenda, na ofisi itakuwa baridi bila wewe. Nenda Kichiwa ukapumzike, ule viazi vyako bila dodoso mkobani. Tutakuja mara kwa mara, wala hatutakuja na bakuli tupu. Uishi vema, na moto wako usizimike.

Judith Mlowe, kwa niaba ya wafanyakazi wa Kituo