Msinipeleke Indianapolis

Sogeeni, wanangu. Orville, kaa hapa kitandani, na wewe Almira weka chini hiyo supu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema tu. Nyumba hii ni ya Almira, pamoja na shamba la mahindi mpaka mtoni. Vitabu vya sheria ni vya Orville. Hayo yameandikwa, msigombane. Ambalo halikuandikwa ni mahali mtakaponizika.

Nilikuwa wakili miaka kumi na mmoja, kisha jaji miaka tisa, na hiyo tisa ndiyo niliyoishi kweli. Mahakama ilikuwa hapo ng'ambo ya barabara. Ikifika saa sita niliahirisha kesi hata kama wakili yuko katikati ya sentensi, nikavuka kuja kula maharage na mkate wa mahindi wa mama yenu. Mawakili walinong'onezana, "Jaji wetu anaongozwa na tumbo." Hawakujua. Halikuwa tumbo.

Kisha chama kikanitaka nigombee Bunge, nikaenda Washington mihula minne. Mnajua wabunge hupewa mbegu za bure wawapelekee watu wa kwao. Karani wangu alizituma kwa kufuata orodha, na mwaka ule ambao sikuwa nimeandika barua nyumbani tangu Krismasi, mama yenu Permelia naye akapata pakiti yake ya mbegu za figili, na karatasi iliyopigwa chapa: "Mtumishi wako mtiifu." Akanijibu: "Mheshimiwa, figili nimezipokea. Bahati mbaya sisi wanawake hatupigi kura, kwa hiyo usijisumbue tena kwa ajili yangu."

Nilicheka mpaka machozi. Nikawasomea wenzangu mezani, nao wakacheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia kilio kilichokuwamo. Aprili ikaja telegramu yako, Almira, kwamba mama ana homa ya mapafu, nami nikangoja kwanza kura ya ushuru ipigwe. Nilifika siku mbili baada ya maziko. Hukunilaumu, binti yangu. Ulinipashia moto chakula, ukatoka. Miaka kumi na sita sijakuomba msamaha. Nakuomba leo.

Sasa wakubwa wa chama wamekaa sebuleni kwetu, wanataka jeneza langu lilazwe siku tatu Indianapolis, mji mkuu wa jimbo letu, watu waniage, kisha nizikwe hukohuko kati ya magavana. Orville, najua umewakubalia. Wiki ijayo wanachagua mgombea wa kiti unachokitaka, na kusimama kando ya jeneza langu kungekusaidia. Sikukasirikii, hata mimi ningekubali. Lakini nimekuwa mtu wao vya kutosha. Nizikeni nyuma ya kanisa, ubavuni mwa Permelia. Nafasi ipo, niliipima kwa fimbo yangu. Shuka ukawaambie sasa hivi, nikiwa bado nasikia.

Anashuka... Almira, achia huo mlango wazi. Ni yeye huyo? "Baba anabaki hapa." Amesema. Wao wanasemaje? Wanamtishia kumnyima kiti?... Sikiliza, amerudia.

Mungu ambariki mwanangu. Akubariki na wewe, akupe uzee wenye watu ndani yake... Nishike mkono. Nilikuwa nataka umwambie mama yako... basi, usiseme kitu. Nitamwambia mwenyewe.