Gari la Viktori Limeshikwa na Mtani

Benchi lenyewe ni mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya mawe, kwenye kona ya Gongoni hapa Tabora, ambako Mabruki huweka birika lake la kahawa tangu asubuhi. Mimi Amne nashona kwenye kibaraza kinachofuata, kwa hiyo nasikia kila kitu, nitake nisitake. Wanaokaa hapo kila siku ya Mungu ni watatu. Yupo Ngollo, tunayemwita Msafara, kwa sababu hakuna mazungumzo asiyoyarudisha kwa babu zake waliobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo. Yupo Masele, aliyefanya kibarua bandarini Dar kwa msimu mmoja, akarudi na jina la Bandari na ujuzi wa mambo yote duniani. Na yupo Sabiri, mstaafu wa reli. Huyo ni Stesheni. Wiki nzima hii wanajadili gari la Viktori, na mimi nimeshona mkono wa gauni la watu nje ndani kwa ajili ya hasira.

Viktori anauza asali. Ni wa Ulyankulu, kule makazi ya wakimbizi, wazazi wake walitoka Burundi. Mama yake, Nibizi, alivunjika nyonga, na tangu hapo hawezi kupanda ngazi za basi. Akija kliniki hapa mjini, makonda humnyanyua, mmoja kwapani, mwingine mapajani, abiria wakitazama. Mama yule ni mtu wa heshima zake, wa kanisani. Kliniki iliyopita hakuja kabisa, kwa aibu tu. Ndipo Viktori akajibana, akanunua Noah kule Dar, ile ya mlango wa kusukuma, ili mama aingie kwa miguu yake mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa kulifikisha gari Tabora. Hapo akafanya kosa la kuja kuomba ushauri benchini.

Bandari alisema lipakiwe juu ya semi. Stesheni akasema liwekwe kwenye behewa. Mimi nikasema, Viktori, wewe leseni unayo, lori la tumbaku umeendesha, panda treni ukalichukue. Wakaniambia nishone. Msafara akanyanyua mkono.

— Semi la nini, behewa la nini? Sisi Wanyamwezi tuna watani njia nzima tangu enzi za misafara! Mzaramo atalitoa yadi, atampa Mluguru pale Morogoro, Mluguru atampa Mgogo, Mgogo atalileta mpaka hapa. Watani wangu ni watani wako, Viktori.

Nilimwona Viktori uso unavyong'aa. Akakubali palepale.

Basi gari likatoka Dar. Mzaramo alilipeleka kwanza kwenye harusi ya binti wa dada yake. Mluguru akashusha nalo ndizi kutoka mlimani. Mgogo wa Manyoni, huyo ndiye aliyelipokea, akalishika, na mpaka asubuhi ya leo alikuwa hajaliachia. Viktori alikuja na simu mkononi.

Msafara: Vipi, limeondoka Manyoni?

Viktori: Amenitumia picha. Liko msibani. Limejaa kinamama na masufuria.

Bandari: Hebu tuone. Eh! Na juu wamefunga mbuzi!

Viktori: Nimemwambia mama yangu ana kliniki leo. Amecheka. Anasema nimpelekee jogoo mweupe na nimpigie magoti, la sivyo gari analitoa mahari ya mke wa pili.

Msafara: Ha! Huyo sasa ndiye mtani! Mnamsikia?

Mimi: Mnacheka nini nyie?

Msafara: Dada Amne, utani una kanuni zake. Mtani akishika kitu chako, unacheka. Ukinuna, umeuvunja.

Viktori naye akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole akiwa ugenini. Nikamwangalia nikatamani kumrushia mkasi.

Stesheni: Mimi nimelala nikiliwaza. Dawa ni kulitegea Kigwa, njiani kuja huku. Pale barabara inakatiza reli. Naongea na mlinzi wa geti, gari likitokea anashusha boriti, linasimama, tunalirukia.

Bandari: Litatokeaje Kigwa na wewe umeambiwa liko Manyoni?

Stesheni: Siku litakapokuja.

Bandari: Likija si litakuwa limekuja, mzee! Unategea nini sasa?

Stesheni: Wewe hujui kazi ya reli.

Bandari: Sikilizeni mtu aliyekaa bandarini. Tunapiga simu, tunasema lile gari lina mdudu wa kigeni. Serikali inalirudisha Japani mara moja. Tunaliagiza upya, safari hii lishukie Kigoma. Hakuna Mgogo Kigoma.

Viktori: Kutoka Japani lifikeje Kigoma, kaka?

Bandari: Dunia si mviringo?

Mabruki aliacha kumimina. Hata yeye, ambaye kwa kawaida huwa haingilii, alimtazama Bandari, kisha akakiruka kikombe chake. Mimi nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisiwasikie, lakini ile sauti ya Stesheni imezoea kushindana na vichwa vya treni.

Stesheni: Basi nimepata. Nimepata kweli safari hii. Mtani haji kwa simu. Mtani anakuja kwenye nini?

Bandari: Msiba.

Stesheni: Msiba! Asipokuja kumzika mtani wake ataficha wapi uso? Na atakuja na nini? Na Noah. Kwa hiyo Msafara afe.

Msafara: Nani afe?

Stesheni: Siku moja tu, mzee. Tunatangaza, tunatandika mikeka, gari likifika Viktori anachukua ufunguo, wewe unaamka.

Msafara: Watani watataka kunivua sanda wanitanie. Nawajua.

Bandari: Utabana pumzi.

Msafara: Na pilau je? Matanga yangu hayawezi kukosa pilau.

Bandari: Sasa marehemu pilau ya nini?

Msafara: Basi sifi. Mtafuteni mwingine.

Stesheni: Tutakuwekea sahani chini ya kitanda!

Msafara: Na nyama?

Wakakaa kupanga mazishi, nawaambieni ukweli, watu wazima na ndevu zao. Stesheni akataka atoe wasifu wa marehemu. Bandari akataka kusimamia rambirambi. Msafara mwenyewe alishaanza kuchagua wa kumlilia, na mimi akaniweka mstari wa mbele, bila hata kuniuliza. Viktori alikuwa katikati yao akigeuzageuza simu, akitabasamu kila walipomtazama.

Hapo bajaji ikasimama. Akateremka mama mmoja mzee, kitenge kimefungwa vizuri, rozari shingoni, fimbo mkononi. Aliteremka polepole sana, akiushusha mguu mmoja kama anaupima. Alikuwa Nibizi.

— Shikamoo mama! wakasema wote.

— Marahaba wanangu. Nasikia mnazika. Nani amekufa?

Marehemu akaangalia kikombe chake.

Viktori: Mama! Umekujaje?

Nibizi: Kwa basi. Kliniki ni leo. Daktari alisema nikikosa tena mguu utakakamaa moja kwa moja.

Viktori: Na zile ngazi?

Nibizi: Wamenibeba.

Alinyoosha kitenge chake mapajani, pale ambapo palikuwa pameshanyooka.

Nibizi: Mmoja alikuwa anacheka. Haya, gari liko wapi?

Wakamweleza wote kwa pamoja, Mzaramo huku, ndizi kule, jogoo mweupe, kanuni za babu zao. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akamgeukia mwanawe.

— Huyo aliyelishika ni ndugu yako?

— Hapana, mama. Ni mtani.

— Mtani wako?

Viktori akamtupia jicho Msafara.

— Wa mzee Ngollo. Amenigawia.

— Na wewe alivyokwambia hivyo, ulifanyaje?

— Nilicheka, mama.

Nibizi akaegemea fimbo. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

— Gari ni lako. Limechukuliwa. Mimi nimebebwa mbele ya watu. Viktori, mbona hukasiriki?

Bandari, mwenye jibu la kila kitu, alikuna goti. Stesheni akageuka kuangalia barabara. Msafara akavua kofia yake. Mimi jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa la kusemwa pale. Viktori amezaliwa mkoa huu, amesoma hapa, anauza asali hapa, na hakuna siku aliyowahi kuwa mtani wa mtu. Mtani ni wa mtu mwenye kwao. Sasa amegawiwa kwao kwa kikombe cha kahawa, utamwambiaje akauvunje utani? Wiki nzima nimemwona mjinga. Pale nikamwonea huruma.

— Nimekasirika, mama, akasema. Nimekasirika siku zote hizi.

Kisha akamtazama Msafara.

— Mzee Ngollo, unisamehe. Nimekasirika. Naenda Manyoni kuchukua gari langu, na sitacheka.

Akamshika mama yake, akamkalisha benchini, akaniomba nimpeleke kliniki na nimlaze kwangu mpaka arudi. Nikamwambia hilo halina haja ya kuombwa. Akaondoka kuelekea stesheni ya treni.

Mama alikaa pale kati ya Bandari na Stesheni, nao wakajibana pembeni kama wanafunzi. Mabruki akampa kahawa. Msafara alibaki amesimama, anamtazama Viktori anavyokwenda peke yake, kichwa chini. Akashusha kikombe. Akavaa kofia yake.

Stesheni: Na wewe wapi tena?

Msafara: Manyoni.

Bandari: Mzee, ukienda kugombana na Mgogo umeuvunja utani. Wa babu zako huo!

Msafara: Mtani ni wangu. Kama kuna wa kununa, nitanuna mimi. Yule kijana atabaki na watani wake.

Akaondoka kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao, akimwita Viktori amsubiri. Nikawaona wamekutana pale penye duka la mbegu, wakasimama kidogo, kisha wakaenda pamoja.