Kiti cha Mwenyekiti

Mwaka ule wa mvua nyingi, kwenye treni ya Kisumu kwenda Butere, diwani Simiyu alipanda na kiti kipya cha mvule. Alikiweka katikati ya behewa akakikalia, ingawa benchi la mbele yangu lilikuwa wazi.

"Sasa serikali inagawia kaunsil yetu mapato ya msitu," alimwambia mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekaa karibu nami. "Tumeanza na hiki, cha mwenyekiti."

"Na paa la soko, Mheshimiwa? Si mlituahidi miti ikiuzwa tutapata paa?"

"Mama, maendeleo ni pole pole."

"Mbona kiti kimekuja mbio?"

Behewa zima likacheka. Diwani naye alicheka, huku akiangalia ni nani amecheka zaidi.

"Mimi nikiokota kuni huko, askari wa msitu ananishika," mama akaendelea. "Na omena ikinyeshewa sokoni, hakuna mtu anakula. Nauzia wenye kuku. Watoto wangu wale nini?"

"Vumilieni. Mwenyekiti atazungumziaje paa lenu akiwa amesimama?"

Kumbe tangu uchaguzi kilichomzuia mwenyekiti kulizungumzia paa ni miguu kuchoka.

Tulipokaribia stesheni ya Butere, mvua ikaanza. Mama akafunika gunia lake kwa nailoni. Diwani akatazama dirishani, akatazama mvule wake unavyong'aa.

"Mama yangu," akasema kwa sauti ya kampeni, "niazime hiyo nailoni. Kiti hiki ni mali ya umma."

Mama alipanda juu ya gunia akakalia nailoni yake, na treni ikasimama.